Kijani, Gari la Zamu

Siku ya mazishi ya Mama, askofu alinipa dakika kumi nisimulie maisha yake. "Dada Norene," akaniambia mlangoni mwa kanisa, "watu wanapenda yawe mafupi na yenye faraja." Nikayafanya mafupi na yenye faraja. Nikasema Afton Sorensen alizaliwa hapa hapa Harmon Wash, akaolewa na Orval, akazaa wanne na kuzika mmoja, akawafundisha watoto wa kanisa nyimbo, na mkate wake ulisifika kusini kote mwa Utah. Kaka yangu Verlan na mdogo wetu Dell walikaa safu ya mbele na tai zao, macho mekundu, kila mmoja mwisho wake wa benchi. Nilishika mimbari kwa mikono yote miwili. Ningeiachia, ningeshuka nikawazabe vibao mbele ya kanisa zima.

Gari sikulitaja. Nalitaja sasa, kwa sababu maisha ya Mama bila lile gari ni uongo, na uongo nimeshausema mara moja, inatosha.

Mama alikuwa fundi. Sisemi alikuwa akimsaidia Baba, nasema fundi. Baba alilinunua Kijani kabla hawajaoana, kwa mtafuta madini mmoja aliyekata tamaa. Ni jeep ndogo ya miaka ile ya baada ya Vita vya Pili, haina milango wala paa, na mtu huyo alikuwa amelipaka rangi ya kijani ya trekta iliyobaki koponi, ndiyo sababu ya jina. Baba alijua kuendesha tu. Akisikia mlio asioujua alizima injini, akashuka, akasimama pembeni na kofia mkononi akimtazama mkewe. Mama ndiye aliyefungua boneti.

Gasketi za kuziba maungio ya injini alizikata kwa mkasi wake wa kushonea, kutoka kwenye maboksi ya nafaka za asubuhi, na sisi watoto tulizoea kukuta nafaka zimemwagwa kwenye bakuli kubwa kwa sababu boksi limeenda kazini. Nafasi ya pointi, zile zinazokata na kuunga umeme wa kuwashia injini, aliipima kwa kifuniko cha kiberiti cha karatasi. Mara moja mkanda wa feni ulikatika tukiwa katikati ya miamba. Akazunguka nyuma ya gari, akavua soksi zake ndefu za kanisani, akazisokota, akazifunga mahali pa mkanda, tukafika nyumbani. Jumapili iliyofuata aliingia kanisani bila soksi. Mke wa askofu wa wakati ule akamtazama miguu, Mama akamwambia, "Ziko kazini," akaenda kuketi.

Gari tulilihitaji kwa ajili ya Juu. Ndivyo tunavyopaita: Juu. Ni malisho ya familia, yana chemchemi na kibanda cha magogo, na njia ya kwenda huko ni miamba myekundu iliyokaa kidaraja kidaraja, tunaiita Ngazi. Farasi hupanda Ngazi, na magari ya aina ya Kijani hupanda. Huko Juu ndiko amelala dada yangu Leora aliyeishi wiki mbili tu, na Mama alikuwa akienda kumwona kila tulipopeleka chumvi ya ng'ombe.

Alipokuwa na mimba yangu, Ngazi zilimrusha vibaya kiasi kwamba Baba aliogopa. Ndipo akafanya kazi pekee aliyowahi kulifanyia gari lile kwa mikono yake. Alichukua mshikio wa koleo lililovunjika, ule wa mti unaoshikwa kiganja kizima, akaufunga kwa bolti mbili mbele ya kiti cha abiria, ili mkewe apate pa kujishika. Bolti moja ilikaa upande. Mama akazikaza upya Baba asijue, hakumwambia kitu. Nilikua nikiona mkono wa Mama pale. Mti ulikuwa mweusi na laini kwa jasho la kiganja chake.

Baba alipofariki tulimpandisha kwa Kijani na kumzika karibu na Leora. Baada ya hapo Mama aliendesha mwenyewe. Kila mwisho wa Mei, Siku ya Kupamba Makaburi, alikata maua yake makubwa ya peoni yaliyoota kando ya baraza, akayatia kwenye makopo ya kahawa, akapanda Ngazi peke yake, akarudi mchana na makopo matupu. Aliendelea hivyo mpaka alipoteleza kwenye barafu akavunjika nyonga, na daktari akamkataza klachi.

Hapo ndipo alipokosea. Nampenda, marehemu hasemwi vibaya, lakini alikosea. Verlan na Dell walikuwa hawaivi chungu kimoja tangu Baba afe, na Mama akajitia moyoni kwamba gari litawapatanisha. Alituita mezani, akaweka ufunguo juu ya kitambaa, akasema Kijani ni lao wote wawili, kwa zamu. Theluji ikiyeyuka linakuwa la Verlan, mpaka Siku ya Waasisi, Julai ishirini na nne. Gwaride la siku hiyo likipita posta, Verlan anampa Dell ufunguo, na Dell anakaa nalo mpaka theluji ianguke tena. Gari lenyewe halitoki kibandani kwa Mama.

"Na ninyi," akasema, "kila Siku ya Kupamba Makaburi mtanipeleka kwa baba yenu. Sitaki kingine."

Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, mezani.

"Na Norene je?" Dell akauliza, walau aliuliza.

"Norene ana basi lake," Verlan akasema, wakacheka wote, hata Mama. Mimi ni dereva wa basi la shule. Ninapeleka watoto wa watu kwenye barabara ambazo wao wawili wangejikojolea, theluji na yote, na sijamwangusha mtoto. Nikacheka na mimi. Hasira ile nilikuja kuisikia usiku, na haijanitoka mpaka leo.

Mwaka ule nyonga ilimlaza Mama mpaka Julai, kwa hiyo zamu ya kwanza ikawa ya Dell, akalinyanyua gari. Dell anapenda gari refu. Alitoa springi za chini akafunga nyingine ndefu, akaweka matairi makubwa, akachomelea mabomba ya chuma juu kama ngome, akajaza taa za kumulika mwezi. Mama alitoka na fimbo yake ya kutembelea akalizunguka.

"Mama, subiri uone," Dell akasema, anang'aa usoni. "Hili sasa linapanda ukuta."

"Na mimi nitalipandaje?"

Dell akatazama sakafu ya gari, ilikuwa karibu na kifua cha Mama. "Nitakutengenezea kingazi."

Hakukitengeneza mpaka leo.

Theluji ikayeyuka, Verlan akaingia kibandani na masanduku yake. Verlan naye anapenda gari lirudi lilivyotoka kiwandani. Anatafuta bolti zenye alama ile ile ya mwaka ule ule, anazilaza kwenye taulo, anazisugua kwa mswaki. Kila kitu cha Dell alikitoa. Na akiwa kwenye kutoa kutoa, akaufungua mshikio wa Mama.

"Ule uache," nikamwambia.

"Gari halikutoka kiwandani hivyo."

"Wewe pia hukutoka kiwandani hivyo, lakini tunakuvumilia."

"Norene, wewe huelewi haya mambo. Gari la kihistoria hilo."

Mwisho wa Mei ukafika. Mama alikuwa barazani tangu asubuhi, gauni la bluu, kofia, makopo mawili ya peoni mapajani. Verlan akatoka kibandani anajifuta mikono kwa kitambaa.

"Mama, samahani, bado liko juu ya mawe. Huyu mwanao kaliharibu, we acha tu. Nimetoa springi zote."

"Litashuka lini?"

"Nikilimaliza. Nataka kila bolti iwe ya kiwandani."

"Mimi siendi kiwandani," Mama akasema. "Naenda kwa baba yako."

"Mwakani, Mama. Nakuahidi."

Alikaa pale mpaka jua lilipozunguka baraza. Peoni si maua ya kuvumilia, zilianza kumwaga petali juu ya gauni. Nilimwambia twende kwa jirani yetu Ndugu Lamb, ana gari zuri, atatupandisha hata leo. Akanikata kauli. "Sipandi gari la watu kumwona mume wangu, na langu liko kibandani." Huyo ndiye Mama. Sikuwa na la kumfanya.

Siku ya Waasisi Dell akapokea ufunguo, akatoa vyote alivyoweka Verlan, akarudisha vyake. Mshikio hakuurudisha, pale alikuwa ameweka redio. Theluji ilipoyeyuka Verlan akatoa vya Dell. Ndivyo ikawa, mwaka baada ya mwaka, mmoja ananyanyua, mwingine anashusha, na kila Mei Mama anavaa gauni la bluu na kuambiwa mwakani. Watu wazima, wana wajukuu! Bolti zile zilifunguliwa na kufungwa mpaka meno yake yakalika. Mama alisikia yote kutoka dirishani jikoni, maana nyonga haikumruhusu kufika kibandani, na masikio yake hayakuzeeka. "Anakaza bila grisi," alikuwa akiniambia, huku anamenya viazi. Wala hakuwalaumu. Mimi ndiye niliyewalaumu, kwa sauti, wakasema nina gubu.

Nilijaribu kuingia mwenyewe. Nilienda na spana za Mama Jumamosi moja nikakuta kufuli. Kibanda ni cha Mama, lakini kufuli lilikuwa la Verlan.

Halafu wakachoka kufungua na kufunga, wakaanza kuibiana. Gari likinyanyuliwa linataka shafti ndefu za kuzungusha magurudumu, likishushwa linataka zile fupi za zamani. Dell, zamu yake ilipokwisha, akaondoka na zile fupi, akazificha kwake. Verlan alipogundua, akang'oa kabureta inayolisha injini petroli, akaenda nayo kwake akaifungia kabatini. Sasa gari haliwezi kutembea kwa zamu ya yeyote.

Nilienda kwa Dell nikamkuta anachoma nyama uani.

"Rudisha shafti."

"Dada, mwambie yeye arudishe kabureta kwanza."

"Mama anazeeka, Dell."

"Mwambie Verlan hayo."

Nikaenda kwa Verlan.

"Arudishe shafti kwanza," akasema, hata hajainua macho kutoka kwenye bolti zake.

Nilitaka kuichukua ile taulo na bolti zote nizimwage mtoni. Sikuzimwaga. Najuta.

Mama alifariki Julai, mchana, kwenye kiti chake cha jikoni kinachotazama kibanda. Verlan alikuwa kule anagonga kitu. Nilikuwa namkatia tikiti maji, na alikuwa amesinzia, halafu akafungua macho.

"Norene, peoni zimekwisha?"

"Zimekwisha Mama. Ni Julai."

Akasikiliza nyundo kidogo. "Safari hii watanipeleka," akasema. "Maiti haiachwi barazani."

Nilimwambia asiseme hivyo. Nilikuwa bado nimeshika kisu cha tikiti alipoacha kupumua.

Nilipotoka nje sikulia. Nilienda kibandani, nikapiga mlango teke, Verlan akatoka chini ya gari. Kijani lilikuwa juu ya mawe, halina magurudumu, halina shafti, injini wazi, mabomba ya Dell bado juu kwa sababu alikuwa hajapata muda wa kuyatoa. Nikamwambia Mama amekufa. Akakaa chini kwenye mafuta. Nikampigia Dell simu nikamwambia maneno mawili, na nikaongeza kwamba akija bila shafti nitamfuata nizichukue mwenyewe na mlango wake.

Akina mama wa kanisa walikuja kumwosha na kumvika, wakaleta viazi vya jibini vile vya matanga na jeli ya kijani yenye karoti. Askofu akaja na wazo la busara: kwa hali ya gari, kwa nini Dada Afton asizikwe makaburi ya mjini, karibu na barabara, watu wamtembelee? Verlan akaanza kutikisa kichwa kukubali. Dell naye. Kitu cha kwanza walichokubaliana tangu Baba afe!

"Anaenda Juu," nikasema.

"Norene, kuwa na akili," Verlan akasema. "Ndugu Lamb anaweza kumpandisha na la kwake."

"Mama hapandi gari la watu. Alikaa barazani miaka yote hiyo kwa kukataa kupanda gari la watu, na ninyi mnataka apande leo kwa kuwa hawezi kukataa? Mazishi Jumamosi. Ingieni kibandani."

"Jumamosi ni Siku ya Waasisi," Dell akasema.

"Najua tarehe."

Waliingia. Nilivunja kufuli la Verlan kwa nyundo ya Verlan, mlango ukiwa wazi, kwa raha zangu tu, halafu nikavuta ndoo nikaikalia. Hawakusemeshana. Kila mmoja alizungumza na mimi.

"Mwambie springi ziwe zangu," Dell akasema. "Jeneza ni zito, zake zitalala."

"Mwambie na gari refu hivyo, ngazi ya mwisho litabinuka na Mama yumo," Verlan akasema.

Na wote wawili walikuwa sahihi, ndilo lililonichoma zaidi. Walikuwa wanajua magari, hawa. Mikono ni ya Mama. Kama wangekaa pamoja mwezi mmoja tu, Mama angeenda Juu kila mwaka kama yuko kwenye kiti cha sofa.

"Springi za Verlan," nikasema. "Dell, fungua zako, toa bamba moja moja la chuma, yaongezeni chini ya zile. Litakaa chini na halitalala."

Wakatazamana, mara ya kwanza. "Anasema kama Mama," Dell akanong'ona.

"Fanya kazi."

Walifanya. Dell aliyakata mabomba yake mwenyewe kwa msumeno wa umeme, cheche zinaruka, analia bila kujificha. Verlan aliitoa kabureta kabatini kwake akaifunga, na Dell akarudisha shafti fupi. Gasketi ya pampu ya maji ilipasuka, na Verlan akasema ya kiwandani itachukua wiki kufika. Niliingia jikoni. Nilimwaga nafaka za Mama kwenye bakuli kubwa, nikachukua mkasi wake, nikaikata. Nilipoirudisha, hakuna aliyesema haikutoka kiwandani.

Ndoo niliyoikalia ilikuwa ya vyuma chakavu. Niliposimama nikaona mti mweusi kati ya nati na vipande vya waya. Mshikio wa Mama. Ulikuwa umetupwa pale miaka yote hiyo, ndoo hii hii, hatua chache kutoka jikoni kwake. Nililia hapo, kwa hasira, na kaka zangu wakatoka nje wakajifanya wanatafuta hewa. Niliufunga mwenyewe, bolti mbili kwenye matundu yale yale. Moja ilikaa upande. Nikaiacha.

Jumamosi, baada ya dakika zangu kumi za uongo, tukatoka na jeneza. Kijani lilikuwa mlangoni mwa kanisa. Tulikuwa tumetoa kiti cha abiria, jeneza likalala upande huo, mguu ukatokeza nyuma na kichwa kikafika mbele kabisa, chini ya mshikio. Mama akawa pale alipokaa miaka yote Baba akiendesha. Nikapitisha kamba kwenye mshikio nikaikaza.

Nikageuka nikamkuta Verlan ameshika usukani kutoka upande mmoja, na Dell kutoka upande wa pili.

"Gwaride limeahirishwa kwa heshima ya Mama," Verlan alikuwa anasema kwa sauti ya chini. "Halijapita posta. Kwa hiyo zamu bado ni yangu."

"Tarehe ni tarehe. Leo ishirini na nne. Zamu yangu."

Mbele ya jeneza. Mbele ya askofu, mbele ya akina mama na vyungu vyao vya viazi. Sikuwapigia kelele. Nilipita kati yao, nikaketi kwenye usukani na gauni langu la mazishi, nikawasha.

"Norene, unafanya nini?" Verlan akasema.

"Nina basi langu," nikasema, nikaingiza gia.

Magari ya majirani yalitufuata kwa mbali. Kaka zangu walidandia gari la Ndugu Lamb mpaka kwenye Ngazi, kisha wakashuka wakaja mbele yangu kunielekeza. Kwetu, ukipanda miamba unamtii mtu mmoja tu aliye chini, anayeyaona matairi yako. Mmoja. Hata watoto wangu wa basi wanajua. Kaka zangu wakasimama wawili, huyu kulia, huyu kushoto.

"Kushoto, Norene! Kata kushoto!"

"Usimsikilize, Dada! Njoo kulia!"

"Kushoto, nimekwambia!"

"Utamwangusha Mama, wewe!"

Nikasimamisha gari katikati ya ngazi ya mwisho, pua juu, kamba imekazana kwenye mshikio, mti unalia. "Mmoja wenu anyamaze!" nikapiga ukelele. Walinyamaza, wakatazamana, na kila mmoja akamngoja mwenzake aendelee kunyamaza. Halafu wakaanza tena, wote kwa pamoja.

Nikaacha kuwatazama. Nikasikiliza injini, maana ndivyo Mama alivyoendesha. Ilikuwa inavuta vizuri, haikuwa na kinyongo na mtu. Nikaliacha lipande polepole, gurudumu moja likatafuta, likapata, jeneza likajivuta nyuma kidogo na mshikio wa koleo la Baba ukalishika. Tukatoka juu kwenye majani, na chemchemi ilikuwa pale, na Baba, na Leora.

Tulimzika. Askofu akaliombea kaburi. Verlan na Dell walikuwa wamesimama upande mmoja sasa, mabega yanagusana, wanalia hasa, na mtu asiyejua angesema ni ndugu wanaopendana. Dell akaja akanishika mkono.

"Dada, tulidhani muda upo."

"Ulikuwepo."

"Kuanzia sasa tutakuja kila mwaka," Verlan akasema. "Sote watatu, na peoni. Gari tutalitengeneza pamoja. Nakuahidi."

"Hayo uliyasema barazani," nikamjibu. "Muulize Mama kama aliyaamini."

Watu wakaanza kurudi magarini. Verlan akaja upande wa Kijani, akaushika mshikio ili ajivute apande.

"Toa mkono hapo."

"Norene, ni mbali. Jua kali."

"Ni mbali, eh? Mama alikuwa na nyonga moja. Wewe una mbili." Nikapaza sauti majirani wasikie. "Na mtu asiwapakie!"

Hakuna aliyewapakia. Ndugu Lamb aliwasha gari lake akitazama mbele. Hata askofu alipata kitu cha kuangalia angani. Niliwaacha kwenye ngazi ya mwisho na viatu vyao vya mazishi, wawili, na kwa mbali nikawasikia wameshaanza kulaumiana nani aliyenielekeza vibaya. Walifika mjini giza limeingia. Ufunguo ninao mimi, na kufuli la kibanda ni jipya. Hawajauomba, na wakija kuuomba watanikuta.

Mwaka huu peoni zilichanua vizuri. Siku ya Kupamba Makaburi nilizikata, nikazitia kwenye makopo ya kahawa, nikavaa kofia ya Mama, nikapanda Ngazi peke yangu. Niliweka kopo kwa Baba, kopo kwa Mama, na maua machache kwa Leora. Nilikaa nao kidogo, kisha nikashuka, na nilipofika nyumbani mkate niliouacha ukiumuka ulikuwa bado haujafika ukingo wa sufuria. Asubuhi moja. Ndicho pekee alichowaomba.